Nyumba ya Wageni Isiyoacha Ukuta

Mhariri, swali lenu la juma hili lilitutaka tutaje nyumba ya kulaza wasafiri, katika eneo tunaloishi, inayostahili kutunzwa kama urithi. Nadhani wenzangu wengi wa Kisumu na Nakuru watataja hoteli za enzi ya mkoloni zenye veranda pana, na sina ugomvi nazo. Mimi nataja mahali ambapo hapana hata ukuta wa kuonyesha: Mumias, magharibi mwa Kenya, au Kwa Sundu kama watu wa misafara walivyopaita, kwa jina la Shiundu, Nabongo (yaani mfalme) wa Wanga, babake Mumia aliyemrithi.

Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika huko katika karne ya 19, na kufikia miaka ya 1880 mji huo wa Wanga ulikuwa kituo ambacho msafara wa kuelekea Uganda kwa njia ya kaskazini ya Ziwa Viktoria haukukipita bila kutua. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883. Askofu James Hannington aliacha sehemu kubwa ya watu wake hapo mwaka wa 1885, akasonga mbele na wachache hadi Busoga, alikouawa. Kilichowavuta wasafiri hakikuwa kitanda. Baada ya majuma ya kutembea katika nchi zenye chakula haba, hapo walipata nafaka na kuku kwa shanga na nguo, wagonjwa wakapata pa kupumzika, na usalama wa mgeni ukawa juu ya mwenye mji. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini msafara wa watu mia mbili haupewi jembe, hulishwa kwa mapatano, na mapatano hayo ndiyo kazi ya mwenye nyumba ya wageni popote duniani.

Kwa nini basi hapakusalia jumba? Nchini Iran mizigo ilibebwa na wanyama, na mnyama hutaka zizi, maji na lango la kufungwa usiku. Ndiyo maana majengo yao ya misafara, yenye ua katikati, yamedumu, na 54 kati yake yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2023. Huku kwetu mzigo ulikaa kichwani mwa mpagazi. Mtu huyo alihitaji chakula, moto na kibanda cha nyasi, na nyasi huoza.

Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, safari ya Uganda ilihamia kwenye meli za ziwani na Mumias ikabaki kando ya njia. Reli nayo ilileta bangalo za daki, yaani nyumba za kupumzikia wasafiri, jina lililotoka India, ambako daki ni posta, na baadaye zikaja hoteli ambazo Mwafrika aliziingia kama mpishi au mtumishi tu.

Aliyempokea msafiri wa kawaida baadaye ni lojing'i, nyumba ya kulala wageni ya bei nafuu, ambayo sijaona mtu akiiita urithi. Marehemu mjomba wangu alikuwa karani wa mojawapo, hatua chache kutoka steji ya mabasi mjini Nakuru. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama mwiko, asije mgeni akasafiri nao. Ndara za bafuni zilikuwa moja nyekundu na moja buluu, maana jozi isiyofanana haiibiwi. Mezani palikuwa na daftari lenye safu za jina, nambari ya kitambulisho, unakotoka na unakokwenda.

Daftari moja limesalia nyumbani kwetu. Ukilifuata kwa kidole utaona watu wa Busia wakienda Kericho kutafuta kazi ya majani chai, na wa Siaya wakienda Nairobi na kurejea Desemba. Mengine yalichomwa lojing'i ilipouzwa, na mwenye jengo hakuona kosa, kwa kuwa kwake yalikuwa takataka. Kwa hiyo ningeomba kibao cha maelezo pale Mumias, na Makavazi ya Kisumu yapokee madaftari kama haya kabla hayajaisha. Katika letu kuna mgeni aliyeandika, kwenye safu ya anakokwenda, "bado sijajua", na mjomba, ambaye hakuwa mtu wa mzaha kazini, akampa chumba namba 7.