Floyd Rose ikikataa kurudi kwenye tyuni

Kaka, kwenye Floyd Rose (ile briji ya gitaa la umeme inayobana nyuzi na kuyumba ukisukuma mkono wake), kama nati (kibano cha nyuzi kule kichwani mwa gitaa) umeifunga na nyuzi ulishazivuta vizuri halafu bado gitaa linatoka kwenye tyuni, mi ningeanzia kwenye zile kingo kali za briji, pale inapoegemea nguzo mbili (zile skrubu nene zilizoingia kwenye mbao). Bonyeza mkono wa trimolo (ule wa kuyumbisha briji) chini, achia, cheki tyuna. Kisha uvute juu, achia, cheki tena. Sauti ikibaki chini mara ya kwanza na juu mara ya pili basi ni msuguano, briji inakwama njiani. Legeza nyuzi, toa springi za nyuma ya gitaa, ichomoe briji upitishe kucha taratibu kwenye kingo, ukisikia kibonde au sehemu imekuwa bapa ndo hapohapo pameliwa. Nguzo nazo ziangalie kwa mwanga mzuri, zikiwa na mchirizi badilisha, ni nafuu kuliko briji nzima, na kama nguzo inacheza kwenye mbao hata briji mpya haitakusaidia. Tone dogo la mafuta pale zinapogusana linasaidia sana. Na tafadhali usizungushe nguzo kupandisha briji nyuzi zikiwa zimekaza!! hicho ndo kinachomaliza kingo mapema, legeza kwanza