Maumivu ya kigimbi na uvimbe wa jioni

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Lushoto, nina miaka 57. Kwa miezi kadhaa sasa kigimbi cha mguu wa kulia hunikaza ninapopanda mlima kwenda shuleni, nikisimama kidogo kinaachia. Jioni vifundo vya miguu yote miwili huvimba hadi soksi zinaacha alama. Natumia amlodipini kwa ajili ya presha. Jirani amenishauri ninunue soksi za kubana. Je, ni damu haitembei vizuri, na hupimwaje?

JIBU: Mwalimu, barua yako ina mambo mawili, na ni vyema tuyatenganishe kabla hujanunua chochote. Kigimbi kinachokaza ukipanda, kikaachia baada ya dakika chache za kusimama, kisha kikakaza tena karibu umbali uleule, hutufanya tushuku kwanza ateri, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, kwamba imeanza kuziba na msuli haupati damu ya kutosha unapofanya kazi. Uvimbe wa jioni unaopungua asubuhi ni habari nyingine: mara nyingi vali (vilango vidogo) za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zimelegea, damu ikatuama chini baada ya mtu kusimama ubaoni kutwa nzima. Hata hivyo amlodipini nayo inajulikana kwa kuvimbisha vifundo (usiiache bila kumwona aliyekuandikia), na moyo na figo sharti viangaliwe.

Daktari atapapasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, lakini vidole pekee havitoshi, kwani wapo watu wazima wa afya ambao pigo la juu ya wayo halisikiki. Kipimo chenyewe ni rahisi na hakiumi: unalala chali kama dakika 10, kisha presha ya juu (ile namba kubwa ya kipimo cha presha) inapimwa mikononi na kwenye vifundo kwa msaada wa kifaa cha Doppler, kinachosikiliza damu ikipita kwa mawimbi ya sauti, na ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 112, jibu ni 0.8. Kuanzia 1.0 hadi 1.4 ni kawaida, 0.9 au chini yake huonyesha ateri zimepungua upana. Jibu likizidi 1.4, jambo linaloonekana zaidi kwa wenye kisukari cha muda mrefu, ateri zimekakamaa na kidole gumba cha mguu ndicho kipimwe. Tatizo likiwa dogo, jibu laweza kuwa zuri ukiwa umelala. Kwa hiyo omba lirudiwe mara baada ya kutembezwa.

Soksi za kubana zisubiri jibu hilo, kwa maana huwafaa wenye vena dhaifu lakini zaweza kuupunguzia damu zaidi mguu ambao ateri zake zimeziba. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au wayo ukapoa na kupauka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vinginevyo, kabla ya miadi, hesabu hatua unazopanda hadi kigimbi kikaze, uziandike kwa siku tatu, na umpe daktari karatasi hiyo pamoja na majina ya dawa zako zote.