Sukari za asali zinatoka pamoja, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Tabora nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye maabara moja, tunapima asali ya Sikonge na Urambo maana wanunuzi kila siku wanauliza kama imechanganywa na sukari ya dukani. Tunatumia HPLC (mashine inayosukuma kimiminika kwa presha kupitia kolamu, bomba lililojaa chembe, ili vitu vitengane) na kolamu ya C18 (chembe zake zimefungiwa minyororo ya kaboni 18), ila fruktosi, glukosi na sukrosi zote zinatoka mwanzoni kabisa, piki (mlima kwenye grafu) moja tu. Fundi anasema pampu mbovu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pampu iacheni, haina kosa. C18 inashika vitu vyenye asili ya mafuta, sasa sukari na mafuta wapi na wapi, hata mkisukuma maji matupu inapita tu bila kushikwa. Mnachohitaji ni njia ya HILIC, jina alilolitoa Andrew Alpert mwaka 1990 ingawa sukari zilishaanza kutenganishwa hivyo tangu miaka ya 1970. Hapa kolamu yenyewe ndo inapenda maji: mnasukuma asetonitrili (kimiminika cha kuyeyushia) kama asilimia 75 na maji 25, yale maji yanafanya utando juu ya chembe za kolamu, sukari inazama humo na kuchelewa. Fruktosi inatangulia, inafuata glukosi, halafu sukrosi, na maltosi nyuma yake. Mkizidisha maji zinatoka haraka, kinyume na mlivyozoea kwenye C18, msije mkachanganyikiwa.

Sasa kolamu gani? Ya amino ya silika, yaani chembe za silika (asili ya kioo) zilizofungiwa amino, vikundi vyenye nitrojeni, ni rahisi kupata ila mi siipendi kwa kazi hii, maana amino zake zinashikana na glukosi na fruktosi zenyewe, na silika inaliwa na maji taratibu, piki zinaanza kusogea na kupungua mnashangaa tu. Chukueni ya polima, yaani chembe za polima (asili ya plastiki) zilizofungiwa amino, inavumilia hata pH ya juu ambayo silika ingeyeyuka. Na uzuri wa amino, glukosi ina maumbo mawili, alfa na beta, kwenye kolamu nyingine piki inapasuka mbili, ila amino inayageuza haraka haraka mnapata piki moja safi. Tatizo la polima ni presha, haipendi kubanwa, kwa hiyo pandisheni flo (kasi ya kimiminika) taratibu na msome kikomo kwenye karatasi yake.

Sampuli msiiyeyushe kwa maji peke yake, piki itatanuka, malizieni na asetonitrili ifanane na mobail fezi, yaani ule mchanganyiko mnaousukuma. Detekta ya UV (mwanga wa urujuanimno) haizioni sukari vizuri, tumieni ya rifraktivu indeksi, inayopima mwanga unavyopinda kwenye kimiminika, na joto lake lisipande na kushuka, kwa jua la Tabora mnanielewa.

Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inataka sukrosi isizidi gramu 5 kwa gramu 100 kwa asali nyingi, na fruktosi na glukosi jumla zisipungue 60 kwa asali ya maua. Ila mjanja akichanganya sharubati iliyokwisha vunjwa kuwa glukosi na fruktosi, sukrosi itasoma vizuri tu na kolamu haitamshtaki, huyo mnamkamata kwa isotopu za kaboni (aina za kaboni zinazotofautiana uzito) kama sharubati yenyewe ni ya miwa au mahindi.