Maswali yenu kuhusu Idi Amin: "Aliua, lakini alijenga"

Kila nikigusia Uganda ya miaka ya sabini, chini ya utawala wa Idi Amin, barua zinazofuata hufanana: Amin aliua, sawa, lakini. Nimechagua saba.

Je, si kweli kwamba Amin aliwarudishia Waafrika uchumi wao alipowafukuza Wahindi? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na anayeuliza hasemi kamwe ni Waafrika gani waliorudishiwa. Agosti 1972 Amin alitoa siku 90. Watu zaidi ya 50,000 wakaondoka, na miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda ambao hati zao zilikataliwa. Maduka, nyumba na viwanda vikagawiwa. Mkulima wa pamba kule Teso hakupata hata mlango mmoja wa duka. Waliopata ni maafisa wa jeshi na watu wao wa karibu, na wananchi wakawapa jina la Kiswahili lililodumu hadi leo: mafuta mingi.

Wengi wa hao waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na kilipokwisha hawakujua kingine kinaagizwa wapi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, nchi yenye miwa ikanywa chai isiyo na sukari. Chumvi na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa kwa kujuana. Baridi kali ya mwaka 1975 iliua mibuni ya Brazil na bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Mkulima wa Uganda alikuwa na haki ya kuneemeka wakati ule, lakini kahawa yake ikawa inavushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya, maana shilingi ya kwao haikununua kitu.

Malalamiko ya Waafrika yalikuwa ya haki. Mkoloni aliwabana wasichambue wala kuuza pamba waliyoilima wenyewe, nao walisimama kupinga mwaka 1945 na 1949. Ndiyo maana nakasirika: kilio cha haki kilitumiwa kuwatajirisha wachache, na bado tunaambiwa tupige makofi.

Na majengo? Na shirika la ndege? (Msomaji, Nairobi)

Vilikuwepo. Ukumbi wa mikutano na hoteli jirani yake, Nile Mansions, vilipokea wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1975, na Uganda Airlines ilianzishwa 1976. Fedha ilikuwa ya Waganda. Serikali kujenga kwa kodi ya wananchi ni wajibu wake, wala hailipii uhai wa mtu yeyote.

Sisi wapenzi wa Kiswahili si tunapaswa kumshukuru? Ndiye aliyekifanya lugha ya taifa. (Msomaji, Zanzibar)

Alitoa amri hiyo mwaka 1973, kweli. Lakini amri haikijengei lugha mapenzi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni lililomlea Amin mwenyewe. Chini yake kikawa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya wale vijana wa State Research, idara ya usalama ya Amin, waliomtia mtu kwenye buti ya gari mchana kweupe. Mzee wa Buganda anayekunja uso akisikia Kiswahili hana chuki na washairi wetu. Anakumbuka sauti. Mwaka 1979 askari wa Tanzania waliingia kumng'oa Amin wakizungumza lugha ileile, na Waganda wakawaita bakomboozi, kutokana na "wakombozi" wetu. Hilo lilikisaidia kidogo. Walimu wa Kiswahili walioko Uganda leo bado wanaufanyia kazi uharibifu ule, na nawaomba wapenzi wa lugha wasiwaongezee mzigo kwa kumtukuza aliyeufanya.

Ni kweli alikula nyama za watu?

Hakuna ushahidi. Acheni kuuliza hili, linawafunika waliokufa kweli.

Waliuawa wangapi hasa? (Msomaji, Bujumbura)

Makadirio yanaanzia 100,000 hadi 500,000, na yanayotajwa zaidi ni 300,000. Hesabu kamili haipo kwa sababu miili ilitupwa katika mto Nile na msitu wa Namanve. Usiruhusu mtu akwambie kwamba kwa kuwa idadi haijulikani, basi ni uzushi.

Alianza vizuri, akaharibiwa na washauri. Unasemaje? (Msomaji, Arusha)

Alipindua serikali tarehe 25 Januari 1971, akawafungua wafungwa wa kisiasa wa Obote, rais aliyepinduliwa, na kuurudisha kutoka London mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda aliyefia uhamishoni. Kampala ilicheza ngoma. Lakini mwaka huohuo, makambini, askari Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa kwa kabila lao.

Mmoja wa waliofunguliwa alikuwa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Amin akamfanya Jaji Mkuu. Kiwanuka aliiamini kazi yake, akaamuru aachiwe Mwingereza aliyeshikiliwa kinyume cha sheria. Septemba 1972 watu wenye silaha wakamtoa Mahakama Kuu, ofisini kwake. Sasa niambieni, mshauri gani? Wema wa 1971 ulikuwa hisani ya mtu mmoja, na mtu huyohuyo aliufuta alipotaka. Nikisikia kijana wa leo anatamani "kiongozi mkali", huwa namfikiria Jaji Mkuu yule.

Obote naye aliua, na Nyerere alimwingilia kwanza. Mbona lawama zote kwa Amin? (Msomaji, Kampala)

Zote si kwake. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivamia kutokea Tanzania, na damu iliyomwagika Luwero miaka ya themanini, Obote akiwa amerudi madarakani, si ya Amin. Andika barua kuhusu Luwero nami nitaijibu kwa ukali uleule. Lakini Oktoba 1978 ni jeshi la Amin lililoingia Kagera, ndani ya Tanzania, likaua wanavijiji, likaswaga ng'ombe na kubomoa daraja la Kyaka.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, naye alishakimbia. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama mahakamani hata siku moja. Familia ya Kiwanuka haikupata mwili wa kuzika.