Kabla hujapanda ngazi, isome tarehe

Juzi nimemkuta kijana wetu juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, anafunga antena ya pili kwenye lori moja kwa sababu traka, kile kifaa cha GPS cha kufuatilia gari, "inaleta tarehe ya zamani". Mahali sahihi, saa sahihi, ila tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20. Wadogo zangu, nawapenda, lakini antena haina kosa hapo.

1. Chukueni tarehe ya leo, toeni ile ya kifaa. Ikibaki siku 7168 kamili, ugonjwa umejulikana. Setilaiti za GPS hutuma tarehe kwa namba ya wiki, na namba hiyo ina biti 10 (nafasi kumi za 0 au 1): ikifika 1023 inarudi 0, yaani kila wiki 1024, ambazo ni siku 7168. Hesabu ilianza 6 Januari 1980, ikageuka Agosti 1999, ikageuka tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Itageuka tena Novemba 2038. Na kwa kuwa 7168 inagawanyika kwa 7, Jumatano inabaki Jumatano, kwa hiyo jicho halishtuki.

2. Vifaa havigeuki vyote siku moja. Vingi huhesabu wiki zao 1024 kuanzia tarehe iliyowekwa ndani ya programu yake kiwandani. Mimi hili sikulijali. Jumatano ya 10 Aprili 2019 niliona mistari ya RMC (ile ambayo kifaa hutuma mahali, saa na tarehe) ikija na 250899, yaani 25 Agosti 1999, nikaandika kwenye seva: ongeza siku 7168. Kwa vyote. Vile vilivyogeuka vikapona. Vile ambavyo bado vilikuwa salama nikavirusha hadi 24 Novemba 2038. Jioni nikagundua, nikaondoa ule mstari, nikaenda kulala nikiamini nimesafisha.

Sikuwa nimefuta rekodi zilizokwisha kuingia. Ramani ilikuwa inaonyesha rekodi yenye tarehe kubwa kuliko zote, na hakuna rekodi ya kweli inayoweza kuishinda 2038. Lori moja likaganda Chalinze siku mbili, wakati dereva yuko Makambako anaelekea Tunduma. Aliporudi aliitwa ofisini ajieleze kama alipaki auze dizeli. Mtu mzima, ana umri wa baba yangu, amesimama na risiti za mizani mkononi anajitetea kwa kosa langu. Nilikwenda kukiri mbele ya bosi wake, nikamwomba radhi mzee. Alinipa mkono. Mpaka leo nikigusa tarehe, namkumbuka.

Kwa hiyo: ongezeni 7168 pale tu tarehe inapokuwa ya nyuma kuliko siku programu yenu ya seva ilipotengenezwa.

3. Ongezeni siku, msiguse mwaka peke yake. Mwezi na tarehe pia vimehama.

4. Hifadhini mistari ghafi kabla ya kusahihisha chochote.

5. Jaribuni kwa data iliyorekodiwa, kwa vifaa vya aina zote mlizonazo, siyo kimoja cha mezani.

Na wewe wa ngazini: antena ya kwanza ilikuwa nzima. Irudishe, kisha niletee mistari ya RMC ya lori hilo tukae tuisome pamoja.