Mwanafunzi mwenye ualbino haoni ubaoni: je, dawati la mbele linatosha?

SWALI: Ninafundisha darasa la nne katika shule ya msingi wilayani Chamwino. Nina mwanafunzi mwenye ualbino ambaye nimemketisha mbele kabisa, lakini bado ananakili kwa makosa mengi na huinamia daftari hadi pua inakaribia kugusa karatasi. Miwani aliyopewa haijamsaidia sana. Nifanye nini zaidi, au ahamishiwe shule ya wasioona ya Buigiri?

JIBU: Mwalimu, kumketisha mbele ni hatua sahihi, ila peke yake haitoshi, na sababu yake inapimika. Mtu mwenye uoni wa kawaida, akiwa mita 6 kutoka ubaoni, anaweza kuitambua herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Mtoto mwenye uoni wa 6/60, yaani anayeona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye uoni wa kawaida hukiona akiwa mita 60, kiwango kinachoonekana kwa baadhi ya watu wenye ualbino, anahitaji herufi kubwa mara kumi, yaani takriban sentimita 9 kwa umbali uleule. Akisogezwa hadi mita 2 atahitaji sentimita 3. Hapo, hata hivyo, tunazungumzia kuitambua herufi moja kwa taabu. Ili asome sentensi bila kuchoka, kimo hicho kinapaswa angalau kuongezwa mara mbili. Pima herufi zako za chaki kwa rula, kisha ulinganishe.

Kwa hiyo maandishi ndiyo yamfuate mtoto. Mpe nakala ya yale utakayoandika ubaoni, hata kama ni ukurasa wa daftari lako la maandalio ulioandikwa upya kwa kalamu nyeusi yenye wino mzito. Usomapo unachokiandika kwa sauti, unamsaidia yeye na wengine wengi darasani. Mruhusu pia kuinuka na kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa. Kwa vitabu, kurudufu ukurasa kutoka karatasi ya A4 hadi A3 hukuza herufi za chapa za ukubwa wa pointi 12 hadi karibu 17. Wengi wenye uoni hafifu husoma vizuri zaidi kwa 18 au 24.

Kuinamia daftari usimkataze. Kusogeza kitabu karibu hakuharibu macho. Ndiyo njia yake ya kukuza maandishi bila gharama. Vivyo hivyo, ukimwona anageuza kichwa upande mmoja kila anapotazama, mwache, kwa sababu macho ya watu wenye ualbino mara nyingi huchezacheza na kila mmoja hutafuta pembe ambapo hutulia zaidi. Pembe hiyo ndiyo ikuongoze kuchagua upande wa kuweka dawati lake.

Miwani hurekebisha namna mwanga unavyokusanywa ndani ya jicho, lakini katika ualbino sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambayo ndiyo hutupatia uoni mkali, haikukamilika kukua. Ndiyo maana miwani peke yake haiwezi kumpa uoni kamili, ingawa bado aivae kama daktari alivyoelekeza. Ulizia kwenye kliniki ya macho kuhusu lenzi ya kukuzia maandishi na darubini ndogo ya mkononi ya kutazamia ubao. Mwanga mkali wa Dodoma nao humuumiza, kwa kuwa macho yake hayana rangi ya kutosha kuuzuia. Asikae akielekea dirisha, na kofia ya ukingo mpana iruhusiwe hata darasani, vyovyote kanuni ya sare inavyosema.

Kuhusu Buigiri, nisingeanzia huko. Watoto wengi wenye ualbino husoma kwa macho, si kwa Braille, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida akipatiwa msaada anaohitaji, isipokuwa pale mawasiliano maalumu yanapohitajika. Bora uwaombe walimu wa huko ushauri na vifaa.

Jambo moja lisichelewe: upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Mwalimu mkuu ahakikishe mtoto anasajiliwa kama mwenye uoni hafifu, ili Baraza la Mitihani limwandalie karatasi ya maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza, nawe uanze kumpa vyote viwili katika majaribio yako ya darasani.