Unaniletea picha, mgongo umeuacha wapi?

Barua za wiki hii nyingi zimekuja na picha za MRI, chache mno zimekuja na maelezo. Mtu ananitumia kurasa nne za ripoti na hasemi kama anaumwa akiinama au akiketi.

Barua ya kwanza: Nina miaka 42, naendesha bodaboda Kayole. Kiuno kinauma mwezi wa pili sasa. MRI inasema diski tatu zimechakaa, nikaambiwa nisiiname tena. Nitapasuliwa?

Kwa ulichoandika, sioni sababu ya kisu, na aliyekukataza kuinama amekuongezea ugonjwa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa, na nusu walikuwa na diski zilizotokeza. Wanaishi tu, hawana habari. Ripoti kama yako ningeipata kwa abiria wengi wa matatu uliyoipita leo asubuhi.

Ninachotaka kujua hukukitaja. Maumivu yanashuka hadi chini ya goti? Mguu umelegea? Sehemu unayokalia tandiko imekufa ganzi, au mkojo unakataa ama unatoka wenyewe? La ganzi na mkojo ni la kwenda hospitali kubwa usiku huohuo. Na kama una homa, jasho la usiku na unakonda, upimwe kifua kikuu. Kinashika uti wa mgongo pia, nasi hukikumbuka pingili ikiwa imeshabonyea.

Kama hayo hayapo, rudi kazini kwa safari fupi. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya abiria wawili watatu, tembea kidogo. Jioni inama uinue jerikeni ya lita 5. Ukiamka maumivu yametulia, wiki ya tatu jaribu lita 10.

Sindano gani nzuri ya mgongo ninunue famasi?

Hakuna. Nimelijibu hili mara tatu mwaka huu. Anayekudunga diklofenaki bila kuuliza habari za vidonda vya tumbo, figo na presha, mkimbie.

Mama yangu, 63, Githurai, magoti humkakamaa asubuhi dakika kumi hivi, kisha humuuma akipanda ngazi. Hana homa. Amepatikana na brusela mara tatu, akameza dawa zote. Tumpime tena?

Msimpime. Brusela ipo, na wanywaji wa maziwa mabichi waiogope, lakini kwa kawaida huja na homa. Kile kipimo cha haraka wanachofanya vichochoroni kinakosea mno, na Nairobi hii kila kiungo kinachouma kimegeuzwa brusela. Miongozo ya Uingereza iko wazi: aliyefika miaka 45, anaumwa akitumia kiungo, na asubuhi hakakamai zaidi ya dakika 30, ana osteoathraitisi, yaani kuchakaa kwa kiungo. Haihitaji picha.

Dawa yake ni misuli ya paja. Aketi kitini na kuinuka bila kujishika, mara 8, apumzike, arudie mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Akizoea, mtafutieni kiti cha chini zaidi. Atasikia maumivu kiasi. Goti haliharibiki kwa hilo. Mkishawishiwa lisafishwe kwa kamera, kumbukeni utafiti wa Houston, Marekani, wa 2002: waliochanjwa ngozi tu, bila wao kujua, waliendelea sawa na waliosafishwa.

Nimeteguka kifundo jana uwanjani. Eksirei?

Umeweza kutembea hatua nne, jana na leo? Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya vifundo vyote viwili vya mguu huo, cha nje na cha ndani, kisha mifupa iliyotokeza kando ya unyayo, nje na ndani. Kama umetembea na hukuruka kwa maumivu, hela ya eksirei kaa nayo. Usimpelekee mkandaji "aurudishe". Hakuna kilichotoka, kano zimechanika. Maumivu yakipungua, piga mswaki ukisimamia mguu huohuo.

Tangu Januari nalazwa chini ya taa ya joto kila Jumamosi, 1,500 kila mara. Niendelee?

Umepewa zoezi gani la nyumbani? Kama hakuna, umekuwa ukilipia kitanda.